Steringi kafa, mwalimu kafa, demu kafa: kwenye Naagarahaavu (1972) mwenye kosa ni nani?

Mtoro wa Tuisheni · #1
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mtu wa KGF, ile muvi ya India, iliyotafsiriwa nimeiona kibanda umiza mara nne na bado naweza nikaenda ya tano. Sasa yule steringi wake, Yash, nikamfuatilia muvi zake za nyuma nikakuta moja ya 2014, Mr. and Mrs. Ramachari, humo kachora tatuu kifuani ya jamaa mmoja wa zamani. Nikauliza huyu wa kwenye tatuu nani, wakaniambia ni Ramachari wa muvi ya Naagarahaavu, ikabidi niitafute yutubu na maandishi ya chini, nikakaa nayo mpaka saa nane usiku na kesho yake kazini nikawa kama nimekunywa.

Kwa ambao hawajaiona. Kijana Ramachari, mji unaitwa Chitradurga, kichwa moto haswa. Mwanzo tu anakamatwa na mkuu wa chuo anapiga chabo kwenye mtihani, anasimamishwa, usiku wake anaenda kurusha mawe nyumbani kwa mkuu, mzee anatoka nje, anafungwa kwenye nguzo. Mji mzima unamchukia, baba yake mwenyewe hana habari naye. Mtu mmoja tu akisema "kaa" anakaa: mwalimu wake wa shule ya msingi, Chamayya. Baadae anampenda Alamelu, dada wa rafiki yake Varada. Mwalimu anamwambia muache, kujitolea ni jambo kubwa zaidi, na yeye anamuacha. Alamelu anaozwa kwa mtu mwingine, yule mume anakuja kumuuza mwili. Halafu Ramachari anampata Margaret, Mkristo, watu wanapiga kelele, mwalimu anakuja tena na yaleyale ya muache. Wako juu ya mlima, Ramachari hasira zinampanda anamsukuma mwalimu, mwalimu anaenda na maji. Kisha yeye na Margaret nao wanajirusha.

Mimi nasema aliyewaua wote ni MWALIMU. Bisheni.

Kisu cha Jikoni · #2
Muvi ya Kihindi steringi anakufa?? Toka lini. Steringi hafi bana, labda ulisinzia ukaona adui

Mtoro wa Tuisheni · #3
Mkuu kafa. Nimerudisha nyuma mara mbili kuhakikisha.

Mswahili wa Mysore · #4
Kwanza turekebishe kitu hapo kabla watu hawajasema sana. Sio muvi ya Kihindi, ni ya KIKANNADA. India sio lugha moja. Kikannada kina wazungumzaji zaidi ya milioni 40, na hiyo KGF yenu nayo ni ya Kikannada, mnaipata kwa mgongo wa Kihindi tu. Nilisoma mji wa Mysore, huko kusini mwa India, miaka minne, Waafrika wa Mashariki tulikuwa kibao, na mimi wiki ya kwanza niliongea Kihindi changu cha kwenye muvi sokoni, muuza nyanya akaniangalia mpaka nikaona aibu.

Pili, hiyo sinema ilitoka mwishoni mwa Desemba 1972, na wakati huo jimbo lenyewe la Kikannada bado linaitwa Mysore, jina la Karnataka lilikuja Novemba 1973. Muongozaji ni Puttanna Kanagal, riwaya ni za T. R. Subba Rao ambae wenyewe wanamuita Ta Ra Su. Nimesema "za" makusudi, ntarudi.

Pili Pili Hoho · #5
Mbona mimi niliyoiona ina nyoka mkubwa wa kompyuta na mwanamke anageuka nyoka?? hakuna mwalimu humo

Mswahili wa Mysore · #6
@Pili Pili Hoho hiyo ni ya 2016, jina moja lakini hadithi nyingine kabisa. Hiyo ndo ile walimrudisha Vishnuvardhan kwa kompyuta wakati alishafariki 2009. Vishnuvardhan ndo Ramachari wa 1972. Kwenye ya 1972 nyoka hageuki mtu, nyoka ni tabia ya yule kijana.

Pili Pili Hoho · #7
Ahaa basi mimi nilipoteza bando

Bibi wa Kikwajuni · #8
Assalaam alaykum wanangu. Mie sijui hicho Kikannada lakini mbona kisa hiki nakijua? Kijana mkali, mwalimu, msichana wa Kikristo... Hii si Zehreela Insaan ya Rishi Kapoor? Yenye ule wimbo wa O Hansini, wa Kishore Kumar? Kaka yangu alikuwa na kaseti, ikikatika anaunga kwa gundi ya kucha, ule wimbo ukifika pale alipounga Kishore anaruka neno moja, na mpaka leo mie nikiuimba naliruka lile neno.

Mswahili wa Mysore · #9
Bibi shikamoo. Ndo hiyohiyo! Puttanna mwenyewe aliirudia kwa Kihindi 1974, Rishi Kapoor akawa Ramachari, Moushumi Chatterjee akawa yule wa kwanza, Neetu Singh yule wa Kikristo. Muziki R. D. Burman. Haikuuza, lakini Hansini ikabaki. Ikafanywa na Kitelugu na Kitamil mwaka huohuo.

Bibi wa Kikwajuni · #10
Marahaba mwanangu. Na Rishi na Neetu wakaja oana kwelikweli, kwa hiyo kuna aliyefaidika.

Kisu cha Jikoni · #11
Bibi umeua 😂😂

Fundi Saa · #12
Turudi kwenye hoja ya #1. Nimeitafuta jana nikaiona yote. Mtoa mada unamuonea mwalimu. Mwalimu alimwambia muache, sawa, ila nani alimuahidi Ramachari kumuoza Alamelu? VARADA. Yule rafiki ndo alimuomba Ramachari amkinge dada yake na yule mhuni Jaleel aliyekuwa anamsumbua njiani. Ramachari kapigana na Jaleel kwa ajili yao, kashinda, siku ya posa Varada anageuka kama hamjui. Mimi hapo ndo roho iliniuma. Wewe unamtumia mtu ngumi zake, alafu ukishamaliza shida yako unamuona hafai ukoo wenu.

Mama Mapacha · #13
Nakubaliana na Fundi Saa lakini sio yote. Alamelu mwenyewe aliulizwa lini? Nimeangalia kwa makini, mwalimu anaongea na Ramachari, Varada anaongea na Ramachari, wanaume watatu wanagawana nani ajitolee, na anayetolewa ni yeye. Kisha uzi mzima humu tunalia Ramachari Ramachari. Ramachari aliondoka na majonzi yake, mwenzake aliondoka na kuuzwa.

Na nina kisa. Dada yangu mkubwa alikuwa na mchumba wake, watu wanaelewana, akaja mzee mmoja tunaemheshimu sana nyumbani, yeye ndo alitufundisha kusoma sote, akasema yule kijana ukoo wao haueleweki. Neno moja tu. Baba hakubisha, dada hakubisha, yule kijana nae hakubisha maana na yeye alifundishwa na mzee huyohuyo. Dada yangu aliolewa kwingine hakupata shida yoyote kubwa, nisiseme uongo. Lakini miaka ishirini sasa, mzee yule akija nyumbani dada anaingia jikoni hatoki mpaka aondoke.

Tabia ya Mvua · #14
Mama Mapacha hiyo ya jikoni imenikaa.

Mtoro wa Tuisheni · #15
Sasa si ndo ninachosema? Mzee wenu = Chamayya. Mtu anaeheshimiwa mpaka hakuna anaemuuliza "kwa nini".

Chaki na Dasta · #16
Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mwaka wa 19 sasa na nina la kusema kwa niaba ya Chamayya. Mnajua mtoto kama Ramachari ukiwa nae darasani ikoje? Kila mtu keshamkatia tamaa, mzazi anakwambia mchape tu mwalimu. Ukimpata anakusikiliza wewe peke yako, unaogopa. Kwa sababu siku utakayomwambia kitu kibaya atakifanya vilevile kama kizuri, hatachuja. Chamayya hakuwa mbaya, alitoa ushauri ambao mwalimu yeyote wa mji ule angeutoa, linda heshima usivunje nyumba za watu. Kosa lake ni kwamba kwa mtoto huyu ushauri haukuwa ushauri, ulikuwa amri.

Nina mmoja wa hivyo, sa hivi ni dereva wa bodaboda, ananiuliza mpaka rangi ya helmeti. Nikiona anapiga simu naanza kujifikiria kwanza kabla sijapokea.

Kisu cha Jikoni · #17
Ticha rangi ulimwambia ipi

Chaki na Dasta · #18
Nyekundu. Akaibiwa.

Nairobi Kwa Stima · #19
Niaje wasee. Mimi nimekuja kwa huu uzi juu ya music, story mtabishana mpaka kesho. Hizo nyimbo zimepangwa ile serious. Muziki ni wa Vijaya Bhaskar. Kuna ile ya Baare Baare, P. B. Sreenivas ndiye anaimba, picha inaenda polepole, dem anakimbia kwa mawe ya fort nywele zinapanda zinashuka pole. Huko kwao inasifiwa sana kwa huo upolepole, kitu geni enzi hizo. Alafu kuna ile ya hasira, Haavina Dwesha, hiyo ni S. P. Balasubrahmanyam. Nani anajua inasema nini?

Mswahili wa Mysore · #20
Haavina dwesha hanneradu varusha: chuki ya nyoka ni ya miaka kumi na miwili. Nanna rosha nooru varusha: hasira yangu mimi ni ya miaka mia. Huko hata mtoto wa darasa la pili anaujua. Wenzangu hosteli mtu akikopwa sabuni asirudishiwe anaanza kuuimba huku anatembea koridoni, unajua tu leo kuna mtu anadaiwa.

Fundi Saa · #21
Basi jibu hilo hapo. Mwenye kosa ni hasira yake mwenyewe. Mtu anaejisifu ana hasira ya miaka mia mnataka afe kwa uzee?

Mama Mapacha · #22
Mbona hasira hizo hazikumtoka siku Alamelu anaondoka? Siku hiyo alikuwa mpole kama maji ya mtungini. Angekasirika siku hiyo, Alamelu angepona. Alikasirika siku mbaya.

Tabia ya Mvua · #23
^^^ Hii.

Mgeni Muscat · #24
Salaam kutoka Muscat. Hapa kazini nina jamaa wa Davanagere, sio mbali na hiyo Chitradurga, nikamuuliza kuhusu uzi wenu, akaacha kupakia maboksi akaanza kuimba Baare Baare, msimamizi akaja akafikiri tumepata habari za nyongeza ya mshahara 😄. Yeye jibu lake tofauti kabisa na nyie wote. Anasema hakuna wa kulaumiwa ni mambo ya tabaka na dini, mwalimu ni mdomo tu, asingesema Chamayya angesema padri, asingesema padri angesema baba. Anasema mama yake akimkasirikia akiwa mtoto alikuwa anamuita Ramachari, lakini akimuita hivyo sauti yake ina fahari kidogo.

Pia kasema yule mhuni Jaleel ni Ambareesh, ndo ilikuwa muvi yake ya kwanza, baadae akawa steringi mkubwa na mbunge na waziri.

Nairobi Kwa Stima · #25
Kumbe mhuni ndio alifika mbali. Politics ni politics.

Pili Pili Hoho · #26
Kwa hiyo na Vishnuvardhan nae ilikuwa ya kwanza?

Mswahili wa Mysore · #27
Hapana, watu wengi wanasema hivyo ila alishaonekana kabla kwenye Vamsha Vriksha, nayo ya riwaya pia. Ila hii ndo iliyomfanya steringi, na jina Vishnuvardhan alipewa na Puttanna, ni jina la mfalme wa zamani wa ukoo wa Hoysala. Jina lake la nyumbani lilikuwa Sampath Kumar.

Sasa lile la "riwaya za". Puttanna hakuchukua kitabu kimoja. Alichukua VITATU vya Ta Ra Su: Naagarahaavu, Ondu Gandu Eradu Hennu (mwanamume mmoja wanawake wawili) na Sarpa Mathsara (wivu wa nyoka). Akavikamua sinema moja. Ndo maana mnaona Alamelu anaolewa hapa, tukizubaa kidogo tunamkuta hotelini keshaharibikiwa, hatujaona njia aliyopitia. Kwa hiyo mimi nikiulizwa mwenye kosa, nasema mkasi wa Puttanna umo.

Na mwenye riwaya hakufurahi. Hii husimuliwa sana kule: naagarahaavu ni fira, yule anaetanua shingo. Ta Ra Su akasema Puttanna kamfanya fira wake kuwa kerehaavu, yaani nyoka wa kula panya tu hana sumu.

Kisu cha Jikoni · #28
😂😂😂 huyo mzee ana mdomo. Mtu kalipwa hela ya riwaya tatu na bado anatukana

Tabia ya Mvua · #29
Samahani nitoke nje ya mada, anaetanua shingo ni swila, sio fira. Nimekulia shamba.

Mswahili wa Mysore · #30
Kwetu tunaita fira.

Bibi wa Kikwajuni · #31
Swila anatema, fira hatemi.

Chaki na Dasta · #32
Bibi kwetu ni kinyume chake.

Fundi Saa · #33
Jamani wote wanatanua shingo, mkimuona kimbieni, jina mtaulizana hospitali.

Nairobi Kwa Stima · #34
Back to mada. Mimi naona Ta Ra Su alikuwa na point. Kwa kitabu mtu ni sumu, kwa sinema sura nzuri ya Vishnuvardhan inakufanya umhurumie. Ukimpea huyo msee nyimbo kali kila baada ya dakika ishirini, nani atamuona ni hatari? Hata akimrushia mtu mawe unaona ni utoto. Nyimbo ndizo zimetoa sumu.

Mtoro wa Tuisheni · #35
Hapo umenigusa. Mimi nilimpenda kuanzia wimbo wa kwanza na mpaka anamsukuma mwalimu nilikuwa upande wake. Nikajistukia nimesema "safi" peke yangu sebuleni. Mtu kaua mwalimu wake na mimi nasema safi.

Chaki na Dasta · #36
Tumeona.

Mtoro wa Tuisheni · #37
Mwalimu nisamehe 🙏 sio wewe

Mgeni Muscat · #38
Jamaa wangu wa Davanagere kasema msisahau wimbo wa Obavva. Katikati ya sinema kuna wimbo unasimulia habari za ngome ya Chitradurga, mke wa mlinzi wa ngome. Mume kaenda kula, yeye kaenda kuchota maji, akaona askari wa adui, Hyder Ali mtawala wa Mysore, wanapenya kwenye tundu la ukuta mmoja mmoja wanatambaa. Akachukua MCHI wa kinu akasimama pale, kila kichwa kinachotokeza anakipiga, anavuta maiti pembeni, anasubiri kingine. Onake ndo mchi, kwa hiyo anaitwa Onake Obavva. Hilo tundu lipo mpaka leo watu wanakwenda kupiga picha.

Bibi wa Kikwajuni · #39
Huyo sasa ndo steringi. Mchi wangu wa mninga namjua uzito wake.

Mama Mapacha · #40
Na angalia ujanja wa muongozaji: sinema ambayo mwanamke hana kauli, katikati kaweka wimbo wa mwanamke aliyezuia jeshi kwa chombo cha jikoni. Ama alikuwa anatuambia kitu, ama alitaka tu kuonyesha ngome. Mimi nachukua la kwanza.

Mswahili wa Mysore · #41
Mimi nachukua la pili 😀 maana Ta Ra Su mwenyewe alikuwa amezama kwenye historia ya ngome ile, riwaya yake ya Durgastamana, kuhusu kuanguka kwa Chitradurga mikononi mwa Hyder Ali 1779, ilipata tuzo ya fasihi ya Sahitya Akademi 1985, yeye keshafariki. Nilifika pale na basi kutoka Bangalore, kama kilomita 200. Jua, mawe makubwa kama yamewekwa na mtu, nyani wakaninyang'anya ndizi. Na kila kundi la vijana linalopanda lazima mmoja asimame kwenye jabali aimbe ule wa miaka mia, wenzake wampige picha. Kuhusu mwalimu hakuna anaeimba.

Bibi wa Kikwajuni · #42
Ta Ra Su, Ta Ra Su. Ndiye yule aliyeandika kisa cha muvi ya Basant Bahar?

Mswahili wa Mysore · #43
Bibi wewe unatisha. Ndiyo, Basant Bahar ya 1956 ilitoka kwenye riwaya yake ya Hamsageethe, kisha 1975 ikafanywa kwa Kikannada chenyewe kwa jina hilohilo la Hamsageethe.

Bibi wa Kikwajuni · #44
Ile Bhimsen Joshi na Manna Dey wanashindana kuimba. Mama yangu aliiona Unguja akarudi anasema kachoka masikio kwa raha. Kumbe Hamsa na Hansini ndege mmoja, bata maji. Na mwandishi mmoja. Na mie kwenye nyumba hii nimesikiliza hadithi zake miaka yote sikuwahi kulijua jina lake.

Fundi Saa · #45
Sasa nauliza swali ambalo naona tumelikwepa. Pale juu mlimani Ramachari alimsukuma makusudi au ilitoka tu?

Mtoro wa Tuisheni · #46
Hasira. Ilitoka tu. Ukiangalia uso wake baada ya pale huwezi kusema alipanga.

Mama Mapacha · #47
Alisukuma. Mkono ni wake.

Chaki na Dasta · #48
Nimerudia kipande hicho mara tatu leo wakati wa mapumziko ofisini, walimu wenzangu wamekusanyika nyuma yangu. Wawili wanasema makusudi, mmoja anasema bahati mbaya, mkuu wa shule kapita akauliza mnaangalia nini, tukamwambia, akasema huyo mwalimu nae alifuata nini mlimani kwa watu wazima wawili.

Mtoro wa Tuisheni · #49
MKUU WA SHULE YUKO UPANDE WANGU. Asanteni.

Chaki na Dasta · #50
Yeye hajaiona sinema.

Tabia ya Mvua · #51
Margaret je? Wale wapenzi wa kwanza wote tumewaongelea, huyu amekuja mwishoni akafa na hakuna aliyemtaja toka ukurasa wa kwanza.

Mama Mapacha · #52
Nilikuwa nasubiri nani atauliza. Yeye hakuwa na mwalimu, hakuwa na rafiki wa kumgeuka, hakuwa na hasira ya miaka mia. Alikuwa na dini nyingine tu.

Mgeni Muscat · #53
Nimemuuliza jamaa. Kanyamaza kidogo, akasema "Margaret, ndiyo," akarudi kwenye maboksi.

Bosi wa Gongo la Mboto · #54
Wakuu nimefika sa hivi sijasoma nyuma, hivi KGF ya tatu inatoka lini?